Tuliosoma kozi ya mawasiliano kwenye masters za uongozi na utawala, tupeane uzoefu (Tabora na Kigoma)

Mkazi wa Cheyo
Habari za jioni wakuu. Naelekea kumaliza masters ya uongozi wa biashara huku napiga kazi hapa Tabora mjini, na kuna kozi ya mawasiliano kazini ambayo darasani kwetu wengi waliipokea kama ya kujazia ratiba, akili zote ziko kwenye fedha na takwimu. Kwangu ndo kozi ninayoitumia kila siku ya Mungu, ndo maana nimeanzisha huu uzi.

Mwalimu wetu alikuwa na sharti moja, ombi likae sentensi ya kwanza: unataka nini, kwa nani, mwisho lini, historia ifuate. Sasa chukua barua ya kawaida ya kuomba kibali. Inaanza "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", zinafuata kurasa mbili za usuli, kikao cha mwaka juzi kimetajwa, barua za nyuma zimetajwa na kumbukumbu namba zake, halafu ombi lenyewe unalikuta chini karibu na sahihi. Bosi ana mafaili mpaka kwenye kiti cha wageni, anasoma aya ya juu, anaandika pembeni "Tujadili", faili linarudi masjala na jambo limelala. Hapo bosi simlaumu, aliyeandika ndo kaficha anachotaka. Nyie wenzangu mlivuna nini?

Mama Ujiji
Asante kwa uzi mdogo wangu. Mimi niko afya, Kigoma, tulipewa asaimenti tuandike upya barua za kweli za kazini, majina yamefutwa. Nikachukua ya zahanati moja ya mwambao, huko ambako usafiri ni boti, jokofu la chanjo limezima. Chanjo zinatakiwa zikae nyuzi 2 mpaka 8, sasa ile barua ilianza na pongezi kwa uongozi, ikaja zahanati ilijengwa lini, ikaja vijiji inavyohudumia, jokofu lenyewe limetajwa aya ya nne! Nikaiandika hivi: "Naomba mafuta ya boti leo kabla ya saa nane mchana tuhamishe chanjo kwenda kituo cha jirani, jokofu letu limezima tangu alfajiri na sasa limefika nyuzi 9." Basi. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, akauliza kuna ambaye hajajua afanye nini? Ripoti zangu zote naziandika hivyo sasa, na vijana wa zamu nawafundisha hivyo hivyo kwenye kukabidhiana wagonjwa, kwanza sema nani ana hali mbaya, mengine baadaye.

Mtoto wa Urambo
Mimi iliyonisaidia ni mada ya kumjua unayeongea naye. Nasaidia hesabu za chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na kipindi cha malipo ndo kipindi cha maneno, mkulima anajua kauza kilo ngapi na za daraja gani, akiona kilichoingia ni pungufu anahisi kaibiwa wakati ni makato ya pembejeo. Zamani alikuwa anapewa jedwali lenye vifupisho tupu. Tukakaa na katibu tukaandika kwa Kiswahili cha mtu anayeongea: mauzo yako ni haya, mbolea uliyokopa ni hii, ushuru ni huu, kinachobaki chako ni hiki. Na kabla ya kugawa karatasi tunasoma mfano mmoja kwa sauti mkutanoni, watu wanauliza mpaka waridhike. Ila mkuu Cheyo, hiyo ya kuanza na ombi kwenye mkutano wa wazee huku kwetu haifai. Unasimama, unawasalimu, unawapa pole ya msimu, ndo namba zinakuja. Ukiruka hapo hata useme kweli hawakusikilizi.

Mwanga Kigoma
Nitatofautiana kidogo. Kwetu kozi iliishia kwenye michoro ya jinsi ujumbe unavyosafiri. Claude Shannon, 1948, mtumaji, chaneli, kelele, mpokeaji, ukikariri umefaulu. Yule bwana alikuwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu Marekani, anashughulika na ujumbe ufike salama kwenye nyaya, na mwenyewe aliandika kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo lake la kihandisi, sasa sisi tunamtumia kueleza kwa nini mhasibu na afisa ugavi hawaelewani. Halafu ile ya asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, imejaa kwenye slaidi za watu. Mwanasaikolojia Albert Mehrabian, ambaye namba hiyo imetoka kwake, 1967 alikuwa anapima hisia tu, neno moja moja linatamkwa kwa sauti ya upendo au ya chuki, hayo hayahusiani kabisa na ripoti ya bajeti. Na la mwisho linaloniuma, kozi nzima Kiingereza, ofisini vikao na mihtasari yote Kiswahili, hapo katikati kila mtu kajitafutia mwenyewe.

Binti wa Gungu
Samahanini kaka na dada zangu, mimi niko Kigoma siwezi kuacha kazi niende Dar, mnasomaje?

Mkazi wa Cheyo
Dada, Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa, Kigoma kipo na Tabora kipo, anzia hapo kuulizia. Ila kabla hujalipa ada omba wakuoneshe maelezo ya kozi, angalia maksi zinatoka wapi. Kama kuna kuandika barua, ripoti na kusimama kuwasilisha, chukua. Kama ni mtihani wa michoro peke yake, utatoka kama alivyotoka Mwanga.

Na Mwanga, la lugha nakuunga mkono asilimia mia, sisi grupu letu kila zoezi tulikuwa tunalifanya mara mbili, la kukusanya kwa Kiingereza na la kwetu wenyewe kwa Kiswahili, na la pili ndo lilikuwa gumu. Mtoto wa Urambo, kwenye mkutano umenishinda, nakubali. Kwenye karatasi bado nasema ombi juu. Wa Nzega na Kasulu mbona kimya, leteni na zenu, hasa aliyewahi kuandika muhtasari wa kikao ambacho watu waligombana.