Mjadala: Ni sawa kumtega mwanafunzi wa unesi akosee kwenye igizo?

Wadau, wakufunzi wenzangu na mimi hatuelewani. Igizo letu liko hivi: mdoli kitandani, mwanafunzi mmoja nesi wa zamu, mwingine ndugu wa mgonjwa anayefoka mlangoni, simu inaita, na kwenye trei nimeweka vichupa viwili vinavyofanana. Siwaambii. Akichukua kisicho, ndipo somo linaanza: daktari atamwambia nini? Kwenye faili ataandika nini? Yule ndugu je?

Wenzangu wanaita ukatili. Mimi naona ukatili ni kumwacha akutane na hayo kwa mara ya kwanza usiku, wodini, peke yake.

Chukueni kisa cha RaDonda Vaught, nesi wa Nashville, Marekani. Desemba 2017 alitakiwa kumpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kumtuliza kabla ya kipimo. Akaandika VE kwenye kabati la dawa la kompyuta, akitafuta Versed, jina la kibiashara la dawa hiyo ya kutuliza. Kabati liliitambua kwa jina lake la kitaalamu tu, midazolamu, kwa hiyo hakuiona. Akaruka utaratibu wa kawaida, akatoka na vekuroniamu, dawa inayopooza misuli mpaka ya kupumulia. Kifuniko kina onyo. Versed ni ya maji, ile ni unga, akaukoroga, akachoma. Mgonjwa akafariki. Kila hatua palikuwa na nafasi ya kusimama, na kusimama huko hakufundishwi kwa notisi.

NESI WA USIKU: Shikamoo mwalimu. Hapo umejifunga goli mwenyewe. Huyo dada hakuficha, alikiri. Machi 2022 akatiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, Mei akapewa kifungo cha nje miaka 3. Leseni alishanyang'anywa. Unawafundisha watoto wetu kusema "nimekosea", nani atawalinda wakishasema? Jimbo la Kentucky, hukohuko Marekani, wenzao walitunga sheria 2024 kuwakinga wahudumu na kesi za jinai kwa makosa ya kawaida kazini. Kwanza sheria, igizo baadaye.

MAMA P: Tusubiri sheria huku wagonjwa wanachomwa dawa sio? Mtego sawa, ila waambieni mwanzo wa muhula kwamba mitego ipo, na isiwe na maksi. Mwanafunzi anayeogopa kufeli atajifunza kuficha tu.

KAKA WA WODI 4: Igizo lenu lina mgonjwa mmoja. Wekeni arobaini ndio tuongee.

MWANZISHA MADA: Nesi wa Usiku, marahaba. Hoja ya sheria naikubali, ya kusubiri hapana. Mama P, la maksi nalichukua. Kaka, arobaini siwezi, midoli tunayo miwili na mmoja hauna mkono. Ila nitaongeza mhusika: matroni anayemvuta nesi pembeni na kumwambia, "Usiandike hivyo, utatuponza." Naona hapo ndipo wengi wao watashindwa, si kwenye kichupa. Nimeomba wakufunzi wenzangu mmoja acheze matroni. Wote wamekataa.