Mgumu (mbeba mizigo) wa Kilimanjaro nataka kuwa mwongoza watalii, Kiingereza kinanikwamisha

Mgumu_wa_Machame:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26, nimeishia kidato cha nne, na huu ni mwaka wa nne nabeba mizigo njia ya Machame. Mlima naujua. Nataka kuanza kuongoza, hata kama msaidizi. Shida ni Kiingereza. Nikisoma naelewa, ila mgeni akinisemesha haraka sishiki kitu. Msimu uliopita pale kambi ya Barafu, usiku wa kuelekea kileleni, mgeni aliniuliza jambo mara tatu nikawa naitikia tu "yes, yes". Kumbe alikuwa anaomba maji ya moto. Bado linaniuma.

Kuna kituo hapa Moshi wana kozi ya miezi sita, ada yake inakula kipato changu cha safari nne. Nilipe? Au kuna njia nyingine? Naombeni ushauri.

Mzee_wa_Barranco:
Mdogo wangu, pole na hongera kwa kuthubutu. Naongoza tangu 2006. Anza na Kiingereza cha mgonjwa, sarufi itafuata. Kila asubuhi na jioni tunamuuliza mgeni kuhusu dalili za ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu uliopitiliza na kizunguzungu. Kichefuchefu tu kina majina mengi: huyu atasema "nauseous", yule "queasy", mwingine "I'm going to throw up". Yajue yote. Na anayesema "I'm fine" huku anayumba kama mlevi, huyo anashushwa saa hiyo hiyo, nawe lazima umweleze sababu bila kubabaika.

Lingine kubwa: usiulize kwa kukanusha. Sisi tukiulizwa "Kichwa hakiumi?" tunajibu "Ndiyo", yaani hakiumi. Kwa Kiingereza ni kinyume. Ukimuuliza mgeni "You don't have a headache?" akajibu "yes", ujue kinamuuma, lakini sikio lako la Kiswahili limesikia yuko salama. Uliza "Do you have a headache?" basi. Hili nilichelewa kulijua, na nilipolijua nilikosa usingizi nikiwakumbuka wageni wa nyuma.

Dada_wa_Mbugani:
Shikamoo Mzee. Hilo la kukanusha naliandika leo leo.

Kaka, mimi ni dereva na mwongozaji, Tarangire na Ngorongoro. Kwetu "yeye" ni mmoja kwa mume na mke, ndiyo maana hata mimi humwita simba jike "he" watoto wakiwa wananyonya. Mgeni anaelewa. Usifunge mdomo kwa kosa la namna hiyo. Kinachowachosha ni mtu anayekariri. Mimba ya tembo ni miezi 22, sawa, wameshasoma hotelini. Wewe jifunze kueleza sababu. Kule mlimani si mna zile senesio kubwa zenye majani makavu yaliyoganda kwenye shina? Eleza kwamba hayo makavu ndiyo blanketi la mti dhidi ya baridi ya usiku. Sentensi tatu zenye "because" ndani yake. Ukiziweza hizo, mgeni atauliza la nne mwenyewe.

Teacher_Moshi:
Kabla hujalipa, omba ukae darasani siku moja. Hesabu dakika ambazo wanafunzi wanaongea wenyewe. Kama mwalimu anaandika ubaoni saa nzima, hifadhi pesa yako.

Kijana_Sanya:
Mimi napingana kidogo. Alipe. Kuongoza kunataka leseni, na kabla ya leseni kuna mafunzo na maandishi. Kuongea tu hakutoshi. Nimeona wanaobwabwaja vizuri kambini wakashindwa kuandika taarifa ya mgeni aliyeugua.

Mzee_wa_Barranco:
Kijana wa Sanya ana hoja, taarifa lazima iandikwe. Ila hilo halihitaji miezi sita. Na jambo dogo: mgeni akijikwaa usimwambie "sorry" ukimaanisha pole, atadhani umemsukuma. Sema "Are you okay?"

Mgumu_wa_Machame:
Asanteni sana, wakubwa zangu. Jumatatu napanda na kundi la watu wanane. Nitamwomba kiongozi wetu aniruhusu nimsaidie weita kwenye hema la chakula, halafu jioni niulize mimi yale maswali manne, yeye akisikiliza. Kituoni nitaenda kukaa ile siku moja nikishuka. Mzee, hiyo "queasy" inatamkwaje?

Mzee_wa_Barranco:
Kwiizi. Vuta hiyo i.