Tupeane uzoefu: kubadilisha kitambaa cha meza ya pool, gundi gani ilikutoa na ipi ilikutia hasara?

Mpiga Nyeupe
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita kijiwe kimoja huku Temeke nikakuta fundi kamwaga gundi nyeupe ya mbao juu ya jiwe zima la meza, lile linalokaa chini ya kitambaa, katikati kabisa pale mipira inapopita, halafu anatandaza kitambaa kama anatandika shuka. Nilishindwa kuondoka. Imenirudisha mbali sana kwa sababu 2016 nilifanyiwa hivyohivyo kwenye meza yangu ya kwanza, nimeinunua mtumba kwa hela ya mchezo, jiwe zima halina ufa, kitambaa tu ndio kilikuwa kimekwisha. Fundi akaniambia gundi ya mbao inashika mpaka kiama. Wiki ya kwanza safi. Wiki ya pili kitambaa kikaanza kuweka ramani, kwenye gundi nyingi kigumu kama gamba, kwenye gundi kidogo kimeinuka viputo, unapiga nyeupe taratibu inaenda inakata kona yenyewe. Vijana waliokuwa wanakesha pale wakahamia kwa jirani, mmoja mmoja, hata hawakusema kitu. Iliniuma kuliko hela. Waliopitia haya njooni tupeane uzoefu.

Kona ya Kati
Hivyo viputo navijua. Acha tu.

Fundi Makochi
Mimi nashona makochi lakini meza za pool nimeshavalisha nyingi tu huku Ubungo na Kibaha, nisikilizeni. Juu ya jiwe HAIPAKWI gundi. Kitambaa kinatulia kwa kuvutwa, sio kwa kubandikwa. Gundi inakaa ubavuni mwa jiwe na ule ukingo unaofunikwa na raba za pembeni zinazorudisha mipira, basi. Na iwe gundi ya kugusanisha, ya kupuliza au ya brashi, unapaka jiwe unapaka na kitambaa halafu unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi wanaharibu. Ukigusa kwa kidole ikanata bila kukufuata, ndio wakati wake. Ikiwa mbichi kitambaa kinateleza kinarudi, ikikauka kabisa haishiki. Dar kukiwa na unyevu subiri zaidi kidogo. Unaanza upande mfupi mmoja, unashika, mwenzako anavuta upande wa pili kwa viganja sio kwa kucha, ndio mnamalizia pande ndefu. Mashimo mwisho, unakata vipande vidogovidogo unakunja ndani kimoja kimoja. Ya mbao ina maji, inaloweka sufu, sufu ikilowa inajivuta. Ndio ramani uliyoiona.

Stepla Tatu
Gundi ya nini wakuu? Stepla ya fundi sofa, pini ndefu, nusu saa umemaliza, na siku ya kubadilisha unang'oa tu. Nyie mnapenda shida.

Fundi Makochi
Unapiga pini kwenye jiwe?

Stepla Tatu
Meza yangu chini ya jiwe ina fremu ya mbao.

Fundi Makochi
Basi sema hivyo tangu mwanzo kaka, mtu atasoma hapa aende kununua stepla na meza yake jiwe tupu. Hizi za kutumbukiza sarafu nyingi nilizofungua zina jiwe moja tu halina mbao kokote. Pini utapiga wapi?

Stepla Tatu
Sijamwambia mtu apige jiwe. Fundi mzima anatakiwa achungulie chini ya meza kwanza.

Chaki Kidoleni
Wote mko sahihi. Yenye mbao stepla, isiyo na mbao gundi. Tuendelee. Mimi nilitumia supa gluu, ile ya chupa ndogo, chupa kumi na moja. Ilikauka ikawa kama kioo, raba ziliporudishwa na kukazwa bolti ikapasuka pande zote. Na vidole vyangu viwili vilishikana na kitambaa.

Mama Wawili
Nimesoma kimya kimya nikaona niseme, maana hili jambo sijawahi kuliandika.

Mimi nina kabaa kadogo Morogoro, zamani kalikuwa ka makuti. Siku hiyo Simba na Yanga wanacheza jioni, nikataka meza iwe na nguo mpya wageni wakija wakute imependeza. Kijana mmoja fundi, mpole sana, akaja asubuhi na kopo la gundi ya njano, hii ya mafundi viatu, na chupa ya maji yenye petroli. Petroli ilikuwa ya kulainisha gundi ya zamani akwangue. Barabara yetu ya vumbi, kila gari likipita vumbi linaingia ndani, akasema mama tufunge madirisha na mlango vumbi lisidondokee kwenye gundi. Kweli ilikuwa inaingia akilini. Tukafunga. Harufu ikawa kali mpaka macho yanatoka machozi, mimi nikatoka nje kichwa kinauma, yeye akabaki anasema ameshazoea.

Mlango wa nyuma ulikuwa haufungi vizuri, na huko nyuma msichana wangu ameshawasha jiko la mkaa la mishkaki. Sikuwaza kabisa kwamba ule mvuke unatambaa chini. Nilidhani harufu inapanda juu kama moshi. Moto haukuanzia kwenye meza jamani, ulitoka kwa nyuma ukaja sakafuni chinichini, bluu, kama maji yaliyomwagika, ukamkuta kijana amepiga magoti anapaka ubavu wa jiwe. Nikasikia mlio mmoja tu, buu, na yule kijana akatoka anakimbia suruali inawaka. Kuna mteja akakimbilia ndoo ya maji akamwaga ndani, petroli ikaelea ikaenda na moto mpaka kaunta. Waliotuokoa ni vibarua wa nyumba ya jirani, walikuwa na lundo la mchanga, wakaja na makoleo. Makuti ya upande mmoja yaliisha. Kijana alilazwa wiki tano, miguu na mkono wa kushoto. Ni mzima leo, ana mtoto, ila kile kidole cha kati hakikunjuki. Matibabu nililipa mimi na sikujuta hata shilingi, maana mimi ndiye nilifunga yale madirisha kwa mikono yangu.

Meza jiwe lilibaki. Bado ninalo.

Kona ya Kati
Dah. Pole sana mama.

Mpiga Nyeupe
Pole mama yangu. Nimesoma mara mbili. Mimi nimewahi kusimama navuta sigara fundi akipaka hiyohiyo ya njano.

Chaki Kidoleni
Akiungua mtu mpakeni dawa ya meno haraka, inavuta joto.

Nesi wa Zamu
Usimpake dawa ya meno, wala asali wala yai. Maji safi ya bomba yasiyo ya barafu, yatiririke dakika 20, pete na saa zitolewe, funika kwa kitambaa safi, hospitali. Ile dawa ya meno huwa tunakuja kuikwangua sisi na mgonjwa analia.

Chaki Kidoleni
Bibi yangu alitumia miaka yote.

Nesi wa Zamu
Na mimi niko wodini miaka yote.

Stepla Tatu
Ndio maana nilisema stepla.

Mswahili wa Mvita
Poleni sana mamangu. Huku Mombasa nami nina langu, si la moto. Yale matundu ya skurubu na viungo vya jiwe mwajaza na nini kabla ya nguo? Mimi niliambiwa nta ya nyuki, wayeyusha kwa moto mdogo, wamimina, ikishika wakwangua iwe sawa na jiwe. Ikawa nzuri kwelikweli. Ulipokuja mwezi wa pili, paa la mabati, jua la Kongowea, ile nta ikalegea, mipira ikawa yaingia kishimo kidogo palepale kwenye kiungo.

Fundi Makochi
Tumia filla ya bodi za magari shekhe. Ikishaganda joto haliigusi. Piga msasa, pima na pima maji, valisha.

Mnyalu wa Ughaibuni
Hapo nakataa kidogo. Mimi nipo Uingereza, nilibeba vitu kwa fundi wa meza za snuka, mchezo ndugu wa pool, karibu miaka minne. Meza ile kubwa ya futi 12 ina mawe matano, siku ya kuihamisha filla inakuachia kazi ya kupasua, na ukipasua vibaya unang'oa kingo ya jiwe lenyewe. Nta unaipasha inatoka. Kama meza haihami na nyumba ina joto, sawa, filla. Jiwe moja zima halina kiungo, hapo mnabishania matundu tu.

Kitu ambacho sijaona mkikitaja ni manyoya. Vile vitambaa vya sufu vya Kiingereza vina manyoya yanayolala upande mmoja, pitisha kiganja utasikia, huku laini huku kinakwaruza. Yalale kutoka upande wa kuanzia kupiga kwenda upande wa kupangia mipira. Ukigeuza, mpira wa taratibu utakuwa unavutwa kinyume na wachezaji watalaumu jiwe bure. Kuna vingine visivyo na manyoya, kama Simonis 860 ya Ubelgiji, sufu asilimia 90 na nailoni 10, hivyo mpira unakimbia sana. Cha manyoya unapiga brashi halafu pasi ya uvuguvugu, upande mmoja tu, usirudi nyuma.

Kona ya Kati
Mimi nilipiga pasi ikayeyuka.

Mnyalu wa Ughaibuni
Hicho kilikuwa poliesta mkuu. Kata uzi mmoja uwashe mbali na meza. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yanasagika, poliesta inajikunja donge gumu.

Mama Wawili
Uzi uwashiwe nje, tafadhali. Na kopo lifungwe kwanza.

Mpiga Nyeupe
Wakuu mrejesho. Nimerudi Temeke asubuhi hii, fundi bado yupo, gundi ya mbao haijashika yote. Mwanzoni alikasirika, nikamsomea ya Mama Wawili na ya Fundi Makochi, akanyamaza, akaenda kumwambia mwenye baa mwenyewe. Tumebandua kitambaa. Sasa hivi tunaloweka kwa matambara ya maji moto tunakwangua, inatoka kama utando wa uji. Petroli haitumiki, madirisha yako wazi. Fundi Makochi, ubavu wa jiwe ukishakauka tunapaka gundi upana gani?

Fundi Makochi
Kama vidole vitatu. Acha jiwe likauke mpaka kesho kwanza.