Naomba ushauri: picha ya mama bila kuonyesha uso

Habari zenu ndugu zangu. Nataka kumtengenezea mama picha yake, ila uso nisiuonyeshe. Kila nikiinua kamera anakaza midomo, anakuwa mtu mwingine kabisa. Mikono yake ndiyo inayomsema: kidole gumba chenye kovu la kisu, pete ambayo siku hizi imelegea hadi inazunguka yenyewe.

Nimejaribu njia aliyoitumia msanii Mwingereza David Hockney miaka ya 1980, ya kuunganisha picha ndogo ndogo zilizopigwa kutoka pembe tofauti. Naipenda mno kwa sababu jicho linalazimika kutembea. Pia nawaza kupaka rangi juu ya picha na kuiacha ngozi ya kijivu, kama mchoraji Mmarekani Amy Sherald alivyomchora Michelle Obama katika picha iliyozinduliwa mwaka 2018. Tatizo, rangi ya akriliki inabanduka kwenye karatasi inayong'aa.

Nitumie karatasi gani? Na je, mikono peke yake inatosha kuwa picha ya mtu, au mtazamaji atahisi amenyimwa kitu? Mliowahi kujaribu, naombeni mnielekeze.