Kampuni za mavolontia Moshi, mnatunyonya sisi familia na mnachezea madarasa yetu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nalitoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nafundisha Kiingereza. Nyumbani kwangu wanakaa mavolontia, wale vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja kufundisha Kiingereza na kuishi na familia. Kwa hiyo hili jambo nalijua kuanzia jikoni hadi ubaoni.

Nianze na hela, maana ndiko kunakouma. Binti mmoja wa Kijerumani tulikuwa tunakula naye usiku, akamuuliza mke wangu kama hela yetu inafika vizuri. Hela gani? Akatoa simu akatuonyesha alichoilipa kampuni iliyomleta: dola 1,200 kwa wiki nne, nauli ya ndege mbali. Hiyo ni kama milioni 3 za kwetu. Sisi tunapewa 15,000 kwa siku. Humo kuna milo mitatu, maji ya moto, kufua mashuka, umeme wa LUKU na intaneti ambayo kodineta, yule mratibu wa kampuni anayetuletea wageni, alisema ni lazima kwa sababu "wageni wamezoea".

Na hiyo 15,000 yenyewe haiji kwa wakati. Mgeni wa juzi ameshapanda ndege KIA ndipo hela ikaingia, tena imekatwa. Kuuliza, tunajibiwa siku alizokuwa safari Ngorongoro hakulala kwetu. Begi lake lilikuwa kitandani! Nimpangishe nani chumba chenye begi la mtu?

Mkataba hakuna, kuna kundi la WhatsApp tu. Ukihoji unaambiwa familia zinazosubiri ni nyingi. Mke wangu ndiye anayezunguka soko la Mbuyuni jioni kwa sababu taarifa kwamba mgeni hali nyama, mayai wala maziwa imeletwa wakati mgeni yuko getini.

Sasa njooni darasani. Kijana amemaliza sekondari kwao juzi, ualimu hajausomea hata siku moja, anakabidhiwa watoto wangu wa darasa la sita. Hana andalio la somo, azimio la kazi hajawahi kuliona. Anaanza na rangi, halafu siku za wiki, halafu wimbo, halafu picha za kuagana na machozi. Mwezi unaofuata analetwa mwingine. Anaanza na rangi! Hawa watoto sasa wanajua rangi kuliko mchora mabango. Mtihani wa darasa la saba hauwaulizi rangi, unataka wasome habari na kuielewa. Wakivuka hapo, kidato cha kwanza wanakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote kwa Kiingereza. Anayebaki na lile pengo ni mimi.

Kichekesho ni Juni. Ndiyo likizo yao, kwa hiyo wanashushwa kwa makundi, na shule zetu nazo zimefungwa. Kodineta akanifuata nyumbani: "Mwalimu, tukusanyie watoto hata 20 wa mtaani, wageni wasikae bure." Yaani niwatoe watoto kwa bibi zao huko migombani waje wapigwe picha! Nilimwambia aondoke na sikusema kwa upole.

Kuna hili la vibali pia. Anayekuja kujitolea anatakiwa awe na kibali, wengi ni kile cha ukaazi daraja C. Baadhi ya wanaoletwa kwangu wana viza ya utalii, na wameelekezwa wakiulizwa waseme wamekuja kupanda mlima. Uhamiaji wakianza kupita nyumba kwa nyumba watagonga mlango wa nani? Kodineta anakaa Arusha.

Wageni wenyewe sina ugomvi nao, wengi wameuziwa tu kama sisi. Alikuja mama mmoja wa Ireland, mwalimu mstaafu. Alikataa kupewa darasa peke yake. Aliketi nyuma muhula mzima, tukawa tunaandaa somo pamoja jioni mezani, yeye akishika matamshi na usomaji, mimi nikishika sarufi. Watoto waliokuwa wanaogopa kufungua kitabu wakawa wanagombea zamu ya kusoma. Kampuni haikumpenda, eti wageni wa muda mrefu wanajaza nafasi.

Jumamosi analetwa mwingine. Nimeshamwandikia kodineta: hela ya wiki mbili itangulie, siku za safari zilipwe, nione kibali, na darasani anaingia nikiwa ndani. Bado hajajibu, ila alama mbili za bluu nimeziona.

Mlioko Arusha, Bagamoyo na Zanzibar mnaopokea hawa wageni, wekeni hapa mnalipwa shilingi ngapi kwa siku na kama kuna mtu ana mkataba wa maandishi. Majina ya kampuni msiweke, kiasi tu kinatosha kuanzia.