Pepa imepita VLDB London, nauli ipo, ila nataka kujitoa

Kanzi_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Nasoma PhD, upande wa kanzidata (database). Pepa yangu ya utafiti, kurasa 18, imekubaliwa VLDB, mkutano mkubwa wa kimataifa wa kanzidata, London, Septemba 2025. Chuo kimetoa nauli. Lakini nawaza nijitoe kimyakimya. Utaratibu ukoje? Silali.

Bint_Chole: Nauli ipo na hutaki? Nipe mimi. Mwaka 2024 ICDE, mkutano mwingine wa kanzidata, ilikuwa Utrecht, Uholanzi, dada wa viza akaniuliza kanzidata ndiyo nini. Nikamwambia ndiyo inayofanya hela yako ya M-Pesa isipotee njiani. Alicheka, viza ikatoka.

Mzee_wa_Seva: VLDB ya kwanza ilikuwa 1975, Framingham, Massachusetts. Sisi pepa zake tulizisoma kwenye fotokopi zilizofifia. Mnadeka.

Ngosha77: Mkuu, ikishakubaliwa, lazima mwandishi mmoja ajisajili awasilishe. Mwambie mwenzako aende.

Kanzi_Mbagala: Mwenzangu ndiye msimamizi wangu. Haiwezekani.

Ngosha77: Haiwezekani kivipi? Funguka.

Kanzi_Mbagala: Haya. Niliituma na kwenye mkutano mwingine, nao wamekubali. Msimamizi hajui. Ila siyo ileile kabisa! Nilibadili kichwa cha habari na grafu mbili. Wahakiki, wale wanaozipima pepa, wanachukua muda, ada haingoji. Kila mtu anafanya.

Ustaadh_Kodi: Kijana, umeposa nyumba mbili kwa mahari moja, na mshenga hana habari 😂

Mama_Junior: Mimi sicheki. Hao wahakiki wanasoma bure, usiku, watoto wamelala. Unawasomesha kazi moja mara mbili. Siyo uungwana.

Ngosha77: Na wahakiki wenyewe ni walewale wanaozunguka mikutano yote. Grafu mbili hazimfichi mtu.

Paskali_K: Ngojeni kwanza. VLDB mwisho ni kurasa 12, marejeo hayahesabiwi. Huyu ana 18. Chai hii.

Kanzi_Mbagala: Sita ni marejeo.

Paskali_K: Marejeo kurasa sita? Umemtaja mpaka mjumbe wa nyumba kumi?

Bint_Chole: 😂😂 Mods, hamisheni uzi Jukwaa la Hadithi.

Mama_Junior: Hata kama katunga, wapo wa hivi. Na VLDB wanapokea pepa kila tarehe mosi ya mwezi. Ukikosa huu, unangoja ujao. Haraka ya nini?

Kanzi_Mbagala: Situngi. Barua ya kujitoa tayari ipo, nimeandika dharura ya kifamilia. Naomba jibu moja tu: niitume kabla ya kumwambia msimamizi, au baada?

Ngosha77: Mwambie msimamizi leo. Na hiyo dharura ifute.

Kanzi_Mbagala: Dharura ndiyo inayokubalika haraka, mkuu.

Mzee_wa_Seva: CIDR, ule mkutano mdogo wa kanzidata, umejaribu? Waanzilishi wake ni magwiji wa kanzidata, akina Stonebraker na Jim Gray. Januari 2025 walikuwa Amsterdam. Pepa fupi, watu wachache, mnabishana vizuri.