Eti niuze gari! Wenye Toyota za zamani Arusha, huyu muuza spea mnamjua

Mama Corolla (mwanzisha uzi)

Mods, naomba msiunganishe huu uzi na ule wa matairi. Nimetoka dukani sasa hivi, hasira bado ziko shingoni, mikono ina grisi, nachapa hivyo hivyo.

Simtaji jina wala sina haja. Kama umewahi kumiliki Toyota ya zamani mji huu, ulishasimama kwenye kaunta yake. Ulishaulizwa "unataka ya Japani au ya kawaida?" Ukamwona akiingia nyuma ya pazia, na jibu lolote utakalompa anatoka na boksi lile lile. Mnamjua.

Kisa ni beringi (ile ringi ya gololi inayobeba gurudumu) ya mbele kulia ya Corolla 110, ya mwaka 1998. Ilianza kuvuma. Fundi wangu wa Unga Limited, mtu asiye na maneno mengi, akaliendesha gari mpaka barabara ya Kisongo. Akikata usukani kidogo kushoto mvumo unapanda, akikata kulia unashuka. Akasema ni ya kulia, kwa sababu ukikata kushoto uzito wa gari unalalia upande wa kulia. Tuliporudi akapiga jeki, akaweka kiganja kwenye springi na kuzungusha tairi, akaniambia na mimi nishike. Springi yote inatetemeka. Hapo ubishi haupo.

Nikaenda kwa huyo bwana. Nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka: nataka beringi ya Kijapani, Koyo, au NSK, au NTN, sitaki kopi, bei siyo tatizo. Akaapa. Akamwapia Mungu, akaapia na kaburi la babu yake. 45,000 ikatoka mkononi.

Haikumaliza hata mwezi. Ikaanza kuunguruma mpaka mbuzi wa Kisongo wanaangalia juu, wanadhani ndege inatua. Majirani Njiro wanajua nimefika nikiwa bado Mnara wa Saa.

Fundi akaitoa. Sili ya pembeni, ile ya kuzuia grisi isitoke, imeachia, grisi imegeuka uji wa kijivu, njia ya gololi imechubuka mabaka mabaka. Nikachukua kitambaa chenye petroli nifute ringi nione maandishi. Herufi O ya mwisho ya KOYO ikahamia kwenye kitambaa! Nikafuta tena, ikabaki K peke yake. Beringi ya kweli maandishi yamechongwa kwenye chuma, hayatoki kwa kitambaa. Hii ilipigwa muhuri kama karatasi ya ofisi ya kijiji.

Nikarudi nayo. Duka limejaa, madereva wa vifodi (daladala ndogo), vijana wa toyo (bodaboda), na mzee mmoja anasubiri plagi. Nikaiweka kaunta, na kitambaa pembeni. Hakukiangalia. Akaishika beringi, akaitikisa sikioni, akanirudishia mbele ya watu wote: "Mama, beringi nzima hii. Uza gari."

UZA GARI. Mimi!

Chalii wa Ngarenaro

Mama, shikamoo na pole. Ila nimecheka mpaka nimempitisha abiria kituo chake. "Uza gari"!

Mpare wa Mjini

Gari ya 1998? Hiyo ilishatimiza umri wa kupewa kitambulisho cha NIDA, mama. Jamaa kakosea lugha tu, ushauri hauna kosa.

Mama Corolla

Mpare, Corolla yangu imesomesha watoto. Injini haijawahi kufunguliwa. Kinachoniuma siyo pesa, ni ile kuitikisa sikioni. Beringi yenye sili inatikiswa ili usikie nini? Halafu anakupa jibu kama daktari. Na yule mzee wa plagi akatikisa kichwa kunisikitikia! Mimi, niliyeingia na ushahidi kwenye kitambaa!

Spana 17

Mama pole sana, na wengine acheni utani. Mimi ni fundi, nawaambia mnunuavyo mnatafuta kuibiwa. Mtu anakuja dukani anasema "nipe Koyo". Umempa muuzaji jina, naye atakupa jina. Nenda na namba. Kama ile ya zamani namba haisomeki, ipime. Nyingi za magari madogo zinaanza na DAC na zinajieleza zenyewe: DAC40740042 maana yake tundu la ndani milimita 40, nje 74, upana 42. Akikuletea "inaingia tu", ondoka.

Pili, mwambie afungue boksi mbele yako. Angalia sili imekaa sawasawa mzunguko wote, zungusha kwa kidole uisikie nzito na laini, siyo nyepesi yenye kukwaruza. Namba ya boksi na ya chuma zifanane. Na kitambaa cha petroli kama cha mama usiende nacho baada ya mwezi, nenda nacho siku ya kununua.

Na mkiona jina JTEKT kwenye Koyo, msidanganywe kwamba ni ya Uchina. Koyo waliungana na Toyoda mwaka 2006 wakawa JTEKT, ni Wajapani wale wale. Kuna mtu alirudisha beringi halali kwa sababu ya hilo, akapewa kopi akafurahi.

Dereva Msumbufu

Spana 17 hujamuuliza la muhimu. Iliingizwaje? Mafundi wetu nusu yao presi yao, yaani mashine ya kusukumia beringi, ni nyundo na kipande cha bomba. Ukiipiga beringi mpya kwa nyundo inakufa siku hiyo hiyo, inachelewa tu kukutaarifu. Mama, fundi wako ndiye mwizi.

Mama Corolla

Fundi wangu usimguse. Nilisimama pale nikiangalia. Aliipiga presi akisukuma ringi ya nje peke yake, maana ukisukuma ya ndani nguvu yote inapita kwenye gololi na zinaacha alama kwenye njia yake. Akarudisha klipu yake ya kuizuia isitoke. Wakati wa kuingiza habu (kitovu cha gurudumu) akaweka bomba la kuishikilia ringi ya ndani kwa chini. Nati ya shafti akaikaza kwa spana ya kupima nguvu, siyo kwa kuning'inia. Sasa niambie fundi huyo ana kosa gani, na aliyetoa chuma cha kuchapishwa kwa wino ana haki gani ya kuniambia niuze gari? Kama ni kuuza, na auze yeye duka.

Chalii wa Ngarenaro

Na mama anajua mambo! Huyo jamaa alidhani anaongea na mteja wa kuomba-omba.

Spana 17

Fundi huyo mshike mkono. Ongezeeni hili: habu yenyewe ikiwa imelika pale beringi inapokaa, hata uweke ya Toyota iliyotoka kiwandani jana haikai. Apime. Na kwa magari yenye sensa ya ABS (breki zinazozuia tairi zisijifunge) kwenye beringi, upande mmoja una duara la sumaku, lazima uelekee kwenye sensa. Mtu kageuza, taa ya ABS ikawaka, akauziwa sensa, akauziwa na kompyuta ya gari.

Mlimani Moshi

Arusha mnalia wakati mna maduka ya kuchagua. Sisi huku Moshi tuna wetu, naye mnamjua wote wa Majengo na Pasua. Huyu hauzi kopi, huyu anauza beringi za mtumba! Kang'oa kwenye gari iliyogongwa, kafuta kwa dizeli, kaweka kwenye nailoni, anakwambia "Japani used". Beringi ikishatolewa kwenye habu imeshakufa, kwa sababu wakati wa kuitoa ringi ya ndani inabaki imeng'ang'ania habu na mvuto wote unapita kwenye gololi. Mtumba wa halali ni ule wa kununua chuma chote na habu yake, beringi ikiwa haijatolewa. Nilipomwambia hivyo akaniuliza, "Wewe ni injinia?" Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hisabati. Akasema basi nikafundishe.

Mama Corolla

Mlimani, wewe uliambiwa ukafundishe, angalau una kazi ya kurudia. Mimi niliambiwa niuze gari mbele ya vijana wa toyo ambao kesho wananibeba.

Dereva Msumbufu

Suluhisho Nairobi. Kirinyaga Road, beringi ipo ya kila gari.

Mpare wa Mjini

Na feki ipo ya kila gari. Unavuka Namanga, unalipa, unarudi na K-O-Y-O ile ile ya wino. Umeongeza safari.

Mzee wa Landi

Vijana, nawasoma. Gari zenu zina kasoro moja, beringi imefungwa, haifunguki, haipakwi grisi, ikifa inatupwa. Land Cruiser zangu za zamani mbele kila gurudumu lina beringi mbili za roli zilizochongoka. Nafungua, naosha, napaka grisi kwa mkono mpaka inatokea upande wa pili, nakaza, nalegeza kidogo, napima. Nimepita Makuyuni na Karatu miaka na miaka. Tatizo ni vijana wa kuosha magari. Anaelekeza bomba la presha kwenye habu kana kwamba anazima moto, maji yanapita sili, wiki ijayo unalia. Wa pale nilipopeleka jana nilimkataza, akanijibu "mzee, ndiyo inang'aa".

Chalii wa Ngarenaro

Mzee, shikamoo. Hao waosha magari ni janga lingine, wangu alipoteza kofia ya rimu na akadai niliileta gari bila.

Karani wa Sheria

Mama, acha hasira, fanya hivi. Bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na wanaoisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Peleka beringi, boksi, kitambaa na risiti. Alikupa risiti ya EFD?

Mama Corolla

Risiti ninayo, ya mashine, na boksi ninalo, na kitambaa nimekitia kwenye nailoni. Kesho asubuhi natuma malalamiko. Na nitaandika mle ndani kwamba aliitikisa sikioni.

Mpare wa Mjini

Usisahau kuandika na "uza gari", ni kielelezo cha pili.

Spana 17

Kwa wenye beringi za SKF, kampuni ya Sweden, kuna programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha ya beringi na boksi unawatumia wenyewe wanakujibu. Maduka mengine ukitoa simu tu kupiga picha, anakwambia stoo imefungwa. Hapo umeshapata jibu bila kusubiri.

Mlimani Moshi

Wangu ana bango "Usipige picha dukani". Sasa nimeelewa.

Dereva Msumbufu

Mnahangaika na beringi wakati matuta ya Tengeru ndiyo yanayozimaliza. Tuta jipya halina rangi, halina kibao, unalijua ukiwa juu yake. Mimi pale nimeacha boli jointi.

Chalii wa Ngarenaro

Tengeru afadhali. Kuna mashimo Moshono ukiingia na kifodi abiria wa nyuma anatokea kwa dereva.

Mzee wa Landi

Moshono ilikuwa hivyo hivyo tangu nikiwa kijana. Tatizo ni malori ya kokoto.

Mpare wa Mjini

Malori ya kokoto na hawafuniki turubai! Jana kioo cha mbele kimepigwa jiwe hapa Usa River, dereva hata hakusimama. Kioo cha Carina Ti kinapatikana wapi kwa bei ya kibinadamu?

Mama Corolla

Jamani, turudi kwenye mada. UZA GARI, aliniambia.

Mlimani Moshi

Carina Ti kioo njoo Moshi, kuna jamaa ana viwili, siyo yule wa mtumba. Ukija niletee shokapu za nyuma za Ipsum, huku wananiambia nisubiri mzigo tangu Pasaka.

Dereva Msumbufu

Ipsum shokapu usinunue moja, nunua jozi. Mlimani, ni ile ya kwanza au ile mpya ya 2001?